Baraza na Uani: Lugha ya PHP na Amana ya Seva katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Nyumba ya Kiswahili, kama ijengwavyo Magomeni, Mwananyamala, Keko na Temeke, ina nyuso mbili. Mbele iko baraza, ambapo mgeni huketi, huamkiwa, hupewa maji ya kunywa na kusikia habari. Nyuma uko ua, ambako moto huwashwa, nazi hukunwa, nguo hufuliwa na siri za nyumba husemwa. Kati ya mbele na nyuma iko njia ya ukumbi, na si kila aketiye barazani ana ruhusa ya kuipita. Mgeni huletewa sinia, chungu hakioni. Chakula hukijua kwa ladha yake, lakini hajui chumvi ilitiwa na nani, wala kama kuni zilinunuliwa kwa fedha taslimu au kwa deni.

Kurasa za intaneti zina sura hiyo hiyo. Ziko lugha za barazani, zipangazo maneno, rangi na picha mbele ya macho ya msomaji. Na ziko lugha za uani, zitendazo kazi ndani ya seva, yaani kompyuta ihudumiayo kompyuta nyingine. Hizo hupika, kisha hutuma mbele kilichoiva. Miongoni mwa lugha za uani hakuna iliyoenea duniani kuliko PHP: katika kila tovuti 10 ambazo lugha yake ya seva yajulikana, zaidi ya 7 huitumia. Lakini historia ya lugha hiyo katika vitongoji vya Dar es Salaam si historia ya mashine tu. Ni historia ya watu wa kawaida waliopata jiko kabla ya kupata nyumba. Na ni historia ya swali zito lililotoka katika jiko hilo. Mtunzaji wa uani akiwa ameandika majina ya wageni wake, majina hayo ni mali ya nani, na ni nani awezaye kuyadai?

Asili ya PHP ni haja ndogo ya mtu mmoja. Mnamo mwaka 1994 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliweka wasifu wake wa kazi katika intaneti akatamani kujua ni watu wangapi wanaokuja kuusoma. Akaandika kwa lugha ya C programu chache za kumhesabia wageni. Tarehe 8 Juni 1995 alizitoa hadharani, zitumiwe na yeyote apendaye, bila bei. Jina alilozipa lilikuwa na maana ya vyombo vya ukurasa binafsi. Halikuwa jina la mtu aliyedhani kwamba anaanzisha lugha ya ulimwengu. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana litarudi mbele: kazi ya kwanza kabisa ya PHP ilikuwa kuweka daftari la wageni.

Wanafunzi wawili wa Technion, chuo kikuu kilichoko Haifa, Zeev Suraski na Andi Gutmans, waliikuta lugha hiyo ikiwa changa na yenye kasoro. Mwaka 1997 waliianza upya msingi wake, na mwezi wa Juni 1998 ikatoka PHP ya tatu, ambayo ndiyo mama wa hii itumiwayo sasa. Waliacha alama ya kwao ndani yake. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyekosea kuweka alama ya nukta nne alijibiwa na mashine kwa maneno ya Kiebrania, Paamayim Nekudotayim, yenye maana ya nukta mbili mara mbili. Wengi walidhani mashine imepagawa. Lakini sikio la Mswahili halikosi kusikia ndani ya neno la pili mlio ulio jirani na nukta, na huo ni ushahidi kwamba hata lugha za mashine hubeba udongo wa mahali zilikopitia.

Mwaka ule ule wa 1995, ambao PHP ilitolewa kwa watu, ndio mwaka ambao kikoa cha .tz kilisajiliwa, Tanzania ikapata jina lake katika intaneti. Nchi haikuufikia mwaka huo kwa njia iliyonyooka. Kompyuta yake ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine zilizokuwapo kuleta gharama na hasara bila kuleta faida iliyotarajiwa. Zuio hilo lililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo kizazi kilichokutana na intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kizazi kisicho na mafundi wengi wa kurithi kutoka kwao. Kijana wa Kinondoni hakuwa na mjomba aliyewahi kuandika programu, kama ambavyo kijana wa Pangani huwa na mjomba aliyewahi kuchonga ngalawa. Ilimpasa ajifunze kwa wageni, na wageni hao walikuwa mbali.

Hapa ndipo tofauti ya baraza na uani ilipokuwa na maana kubwa. Lugha za barazani hufundishika kwa kuchungulia. Mtu afunguaye ukurasa wowote aweza kukiamuru kivinjari chake kimwonyeshe ulivyoandikwa, akanakili, akabadili rangi, akaweka jina lake, akajifunza. Lugha ya uani haichunguliki. Maneno ya PHP hayafiki kwa msomaji. Huishia ndani ya seva, na kifikacho ni matokeo tu. Msomaji akiuchungulia ukurasa atayaona maneno «Habari za asubuhi», lakini hataiona amri iliyopima saa ikaamua kwamba ni asubuhi. Basi ufundi wa uani haupatikani kwa jicho la wizi; hupatikana kwa mwenye nao kuutoa kwa hiari. PHP ilitolewa kwa hiari. Hifadhidata ya MySQL, iliyokuwa mwenzi wake wa kila siku, ilipatikana bila malipo. Na seva ya Apache vivyo hivyo. Tangu mwaka 2002 vyote vitatu viliweza kupatikana vikiwa vimefungwa pamoja katika kifurushi kimoja kiitwacho XAMPP, ambacho huifanya kompyuta moja iliyo mezani kuwa baraza na uani kwa wakati mmoja.

Faida ya kifurushi hicho kwa mji ambao intaneti yake ilikuwa ghali na umeme wake wa kukatika ilikuwa kubwa. Hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009, mawasiliano mengi ya nchi na dunia yalipitia setilaiti, na kila dakika katika mkahawa wa intaneti ilihesabiwa kwa fedha. Mtu mwenye XAMPP hakuhitaji dakika hizo. Aliweza kuandika, kukosea, kusahihisha na kukosea tena usiku kucha bila kuunganishwa na dunia, kisha akaenda mkahawani mara moja kupandisha kazi iliyokwisha. Baadhi ya lugha nyingine za wakati ule zilidai leseni za kununua au seva za gharama. PHP haikumwuliza mtu fedha, wala shahada.

Yafaa sasa misingi yake ielezwe, kwa kuwa hoja ya mbele yategemea misingi hiyo. Tazama mfano huu:

<?php
date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam');
$saa = (int) date('G');
if ($saa < 12) {
    echo 'Habari za asubuhi';
} else {
    echo 'Habari za mchana';
}

Mstari wa kwanza waiambia seva kwamba kinachofuata ni amri za kutekelezwa, si maandishi ya kutumwa kama yalivyo. Wa pili wataja mahali ambapo saa yake itafuatwa. Bila mstari huo, seva iliyoko Ulaya au Marekani yaweza kumwamkia mtu wa Mbagala kwa saa ya huko, akaambiwa ni asubuhi hali amekwisha kula chakula cha mchana. Wa tatu waunda jina, $saa, na kulipa thamani. Katika PHP kila jina la namna hiyo hutanguliwa na alama ya dola, na kila amri hufungwa kwa nukta mkato, kama sentensi ifungwavyo kwa nukta. Kisha laja sharti: ikiwa thamani ni chini ya 12, neno hili lisemwe, isipokuwa hivyo, lisemwe lile. Amri ya kusema ni echo, yaani mwangwi: seva yatoa sauti uani, na sauti hiyo yasikika barazani.

Mfano huo mdogo wafundisha tabia ya mashine kuliko vitabu virefu. Tuseme mwanafunzi ataka saa isomwe kwa Kiswahili. Saa 9 ya kizungu ni saa 3 ya asubuhi. Basi atajumlisha 6, atagawanya kwa 12, na kuchukua baki. Kwa saa 9 atapata 15, na baki yake ni 3, amepata sawa. Kwa saa 7 atapata 1, amepata sawa. Lakini kwa saa 6 ya alfajiri atapata 12, na baki yake ni 0. Mashine itatangaza bila haya kwamba ni saa sifuri, saa ambayo hakuna muadhini wala mpiga kengele aliyewahi kuijua. Kosa si la mashine. Haikuambiwa kwamba Waswahili husema saa kumi na mbili. Lugha ya seva haijui ila ilichoambiwa, haisahau ila ilichoamriwa kusahau, na haitunzi ila ilichoagizwa kutunza. Sentensi hii ya mwisho ndiyo kitovu cha jambo lote.

Maana intaneti, kwa asili yake, ni kitu sahaulifu. Kivinjari huomba ukurasa, seva hujibu, na mara jibu linapofika pande zote mbili husahauliana. Mtu akifungua ukurasa wa pili baada ya nukta moja, seva humwona kama mgeni mpya. Hali hiyo yafaa kwa kusoma tangazo, lakini haifai kwa mazungumzo, kwa biashara wala kwa barua. Ili mgeni atambulikane, PHP humpa namba ya siri, iwekwayo ndani ya kivinjari chake kwa kitu kiitwacho kuki. Na uani, kando ya namba hiyo, huandikwa yeye ni nani. Jina lake, barua pepe yake, neno lake la siri na siku aliyojiandikisha huingia katika hifadhidata. Seva nayo, kwa mazoea yake, huandika anwani ya intaneti ambayo kila ombi limetoka. Basi daftari la wageni halikuanzishwa kwa hila. Lilianzishwa kwa sababu mazungumzo hayawezekani pasipo kukumbukana. Lakini kitu kilichoandikwa kwa haja njema chaweza kusomwa kwa haja nyingine.

Kufikia katikati ya miaka ya 2000 mazingira ya kazi hii yalikwisha kuiva katika upande wa Kinondoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichoko Mlimani kilikuwa ndani ya mipaka yake, kabla Ubungo haijafanywa wilaya katikati ya miaka ya 2010. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya chuo hicho ilishiriki katika mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili. Kijitonyama, ambako hata kituo cha daladala chaitwa Sayansi, palikuwa makao ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2006 ilianzishwa tzNIC, asasi ya kusimamia majina ya .tz. Nako nje, kamusi elezo ya Wikipedia ilikuwa imehamia katika programu ya PHP tangu mwaka 2002, na toleo lake la Kiswahili likaanza mwaka 2003. Hivyo makala ya kwanza za Kiswahili ambazo msomaji yeyote wa dunia aliweza kuzihariri zilipikwa katika chungu cha PHP, ijapokuwa wengi wa waandishi wake hawakuwa na habari ya chungu hicho.

Katika mwaka huo wa 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha jukwaa la mazungumzo lililoitwa Jambo Forums, ambalo mwaka 2008 lilibadili jina likawa JamiiForums. Kwa miaka mingi jukwaa hilo limeendeshwa kwa XenForo, programu iliyoandikwa kwa PHP na kutunza maneno yake katika MySQL. Kwa jicho la fundi si ajabu: mtu hujiandikisha, huchagua jina la kupanga, huandika, hujibiwa. Kwa jicho la mwanahistoria ni jambo kubwa. Barazani palikaa watu wasiojuana, wakazungumza siasa, ajira, afya, mapenzi na ufisadi katika Kiswahili cha mtaani, na wengi wao walisema wasiyoweza kuyasema kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Jina la kupanga ndilo lililokuwa kanga ya uso. Lakini nyuma ya kanga ile, uani, hifadhidata ilijua barua pepe ya kila mmoja.

Dola haikukawia kuelewa kwamba habari hazikai mbele. Mwezi wa Februari 2008 polisi waliwashika waendeshaji wa jukwaa hilo na kuchukua kompyuta zao. Mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyowapa wapelelezi uwezo wa kudai taarifa za watumiaji kutoka kwa mwenye kuzitunza, na kuhesabu kuwa ni kosa kuzuia upelelezi. Tarehe 13 Desemba 2016 Melo alikamatwa, na siku chache baadaye yeye na mwenzake wakapandishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu kwa mashauri matatu. Kiini cha mashtaka kilikuwa kwamba polisi walitaka kujua watu fulani walioandika katika jukwaa hilo ni nani, na wenye jukwaa hawakuwataja. Miongoni mwa mashtaka limo pia la kuendesha tovuti ambayo jina lake halikusajiliwa chini ya .tz. Hivyo herufi mbili zilizosajiliwa mwaka 1995 kama heshima ya nchi zikawa sasa hoja ya mahakamani.

Mwezi wa Juni 2018 mahakama iliwaachia huru katika shauri moja. Mwezi huo huo jukwaa lilifungwa na wenyewe kwa takriban majuma matatu, kwa kuwa kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilitaka kila mwendeshaji awe na leseni. Mwezi wa Aprili 2020, katika shauri jingine, Melo alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi akatozwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja, mwenzake aliachiwa. Kati ya hukumu hizo mbili, mwaka 2019, Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari ya New York ilimtunukia Melo tuzo yake ya kimataifa ya uhuru wa habari. Mtu mmoja, kwa tendo moja la kufunga mdomo, aliheshimiwa ng'ambo na kuadhibiwa nyumbani.

Ni rahisi kuisimulia habari hii kama ngano ya jema na baya, lakini haki yataka hoja za pande zote zisikilizwe. Dola yaweza kusema, na husema kweli, kwamba jina la kupanga humficha mwenye kufichua wizi, na humficha vile vile mwizi, mzushi na mchochezi. Kwamba nyumba ambayo mlango wake wa uani haufunguki mbele ya hakimu ni nyumba iliyo juu ya sheria. Mtunzaji naye aweza kusema, na husema kweli, kwamba mgeni alikula kwake kwa sababu aliahidiwa sitara. Kwamba jina moja likitolewa leo, kesho baraza zima litanyamaza, na ufisadi uliokuwa ukisemwa hautakoma, bali utakoma kusemwa. Waswahili walikwisha sema kwamba amana ni deni. Ugumu uko katika kujua deni hilo lalipwa kwa nani, ikiwa mgeni adai kufichwa na hakimu adai kufichuliwa.

Sheria ilijaribu kulijibu swali hilo kwa upande wake. Mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na kwa kadiri ya kusudi hilo, wala zisizidi. Ni kanuni njema. Lakini sheria huja baada ya daftari kuandikwa. Fundi huwapo kabla. Kwa hiyo lipo jibu jingine, lililo ndani ya lugha yenyewe, na hilo ndilo lisilofundishwa vya kutosha katika madarasa ya Mlimani, Chang'ombe na Kijitonyama.

Historia ya PHP ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kujifunza kumwogopa mgeni bila kumfukuza, na kumtunza mgeni bila kumsaliti. Katika ujana wake lugha hii ilikuwa na ukarimu wa kupita kiasi: neno lolote alilolituma mgeni liligeuka lenyewe kuwa jina ndani ya programu, kana kwamba mgeni ameruhusiwa kuingia jikoni na kutia chumvi. Mwaka 2002 desturi hiyo iliacha kuwa kawaida, na mwaka 2012 ikaondolewa kabisa. Desturi nyingine iliyoleta maafa ni ya kuyaunganisha maneno ya mgeni na amri iendayo kwenye hifadhidata. Mtu mwema akiulizwa jina huandika Asha au Juma. Mtu mbaya huandika kipande cha amri, na hifadhidata, isiyojua tofauti ya jina na amri, humtii ikamwaga daftari lote. Dawa yake ni kuitayarisha amri kwanza, kisha kulileta neno la mgeni peke yake kama neno tu. Dawa hiyo yajulikana tangu zamani, na bado kila mwaka hupatikana tovuti zilizojengwa pasipo kuitumia. Daftari lisilofungwa vizuri halihitaji hati ya polisi. Kila mpita njia aweza kulisoma.

Lililo muhimu kuliko yote lilikuja mwaka 2013, PHP ilipopewa chombo cha kusaga maneno ya siri. Kabla ya hapo mafundi wengi waliyahifadhi maneno hayo kama yalivyo, au kwa ufundi dhaifu. Chombo kipya hulisaga neno la siri kama mahindi kinuni. Mgeni akirudi na neno lake, nalo husagwa, na unga hulinganishwa na unga. Lakini unga haurudi kuwa mahindi. Mwenye seva mwenyewe, hata akishikwa, hata akiapishwa, hata akitaka kwa moyo wake wote, hawezi kulitaja neno la siri la mgeni wake, kwa kuwa halijui. Hapo pameonekana jambo ambalo wanasheria na wanasiasa hulisahau: fundi aweza kujenga uani ambao mwenyewe hana uwezo wa kuusaliti.

Barua pepe haiwezi kusagwa hivyo ikiwa seva yataka kumwandikia mtu. Lakini je, ni lazima iulizwe? Anwani ya intaneti yaandikwa na seva kwa mazoea. Je, ni lazima itunzwe kwa mwaka, au kwa siku 7 yatosha? Tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, mtaa akaao mtu: ni ngapi kati ya hizo ambazo huulizwa kwa sababu fomu ya kunakiliwa ilikuwa nazo, na fundi hakufikiri? Tofauti ya fundi na mwenzake haiko katika amri ajuazo. Wote wawili wajua namna ya kuandika mstari uingizao taarifa katika hifadhidata. Yule wa pili hujiuliza, kabla ya kuandika, kama angependa kuulizwa juu ya taarifa hiyo mbele ya hakimu. Kwani kisichotunzwa hakidaiwi, hakiibiwi, wala hakimfungi mtu.

Sasa lugha hii ina zaidi ya miaka 30. Toleo lake la nane lilitoka mwaka 2020. Yasemwa mara kwa mara kwamba imezeeka, nayo yaendelea kupika. Watu wa Tandika wanunuao viatu kwa simu, wanafunzi wa Sinza watafutao matokeo ya mitihani, waumini wa Mbagala wasomao ratiba za ibada, wengi wao huhudumiwa na PHP bila kulijua jina lake, kama mgeni asivyomjua mpishi. Nyumba za Kiswahili za Magomeni na Temeke zapungua, maghorofa yachukua mahali pake, na baraza nyingi zimehamia katika kioo cha simu. Lakini mgeni ni yule yule, na uani ni ule ule, na ukumbi ulio kati yake bado wahitaji mlango.

Somo la kwanza la PHP, popote lifundishwapo, huwa fomu imwulizayo mtu jina lake, na amri ya kumjibu kwa salamu. Katika somo hilo jina hutumika mara moja na kupotea, hakuna kilichoandikwa. Somo la pili humfundisha mwanafunzi kulitunza jina hilo katika hifadhidata, na kwa kawaida hufurahia sana kuliona likirudi siku ya pili. Ni haki yake kufurahi, maana ameipa mashine kumbukumbu. Kati ya somo la kwanza na la pili yafaa mwalimu asimame kidogo, amwambie kwamba kuanzia hapo si mwandishi wa amri tu. Amekuwa mtunza amana, na amana hiyo ni ya mtu asiyemjua, aliyeketi barazani, aliyemwamini kabla ya kumwona.